Matundu Madogo ya Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, Geita, Sista Kiongozi wa chumba cha upasuaji alinipa kazi ya kuhesabu vitambaa vya kufyonzea damu. "Kimoja kikibaki tumboni mwa mtu, nitakuuliza wewe," alisema. Nilimwogopa kuliko madaktari wote.

Nilihamishiwa Shinyanga katikati ya miaka ya tisini, nikiwa nimeiva kikazi. Kwa saratani ya mfuko wa uzazi tulikuwa na njia moja: mkato mrefu kutoka kitovuni kushuka chini, mfuko unatolewa pamoja na mirija na ovari. Mgonjwa alikaa wiki nyingi bila kushika jembe. Kisha nikapelekwa semina Dar es Salaam, tukaonyeshwa kwenye video upasuaji wa matundu. Bomba jembamba lenye kamera linapitishwa kwenye tundu dogo, vifaa kwenye mengine, na kesho yake mgonjwa anatembea. Nilirudi na maringo, nikawachosha wenzangu kwa hadithi hizo.

Ndipo akaja Mama Kabula, mkulima wa pamba kutoka upande wa Katoro. Hedhi ilikoma zamani, lakini alikuwa anatokwa damu tena. Vipimo vilionyesha saratani, bado changa. Daktari Mfawidhi akampangia upasuaji wiki ileile.

"Nikipasuliwa tumbo lote hilo, mayu, nani atalima?" aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

Kwa kiherehere changu nikamweleza habari za matundu. Nikasema mashine yetu iko njiani, wakati nilikuwa nimesikia tetesi tu.

"Basi nitaisubiri," akasema, akarudi kwao.

Mashine haikuja. Alirudi baada ya mavuno, amekonda. Daktari alifungua tumbo, akatazama, akaniambia niandae nyuzi za kufungia. Saratani ilikuwa imesambaa.

"Sista, huyu mama alikuwa wapi muda wote huu?"

"Sijui, Daktari," nikajibu.

Alifariki kabla ya mvua. Kabula, binti yake, aliniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kunishukuru, kwa kuwa mama yake alinisifia hadi mwisho. Niliipokea. Alipojifungua mtoto wa kike, akampa jina langu.

Sasa nimestaafu, na mtoto huyo anasomea uuguzi. Akija likizo huniamkia, kisha huniomba nimsimulie kazi yetu ya zamani. Namsimulia yote, isipokuwa habari za bibi yake. Naona aibu. Nimeyaandika haya ayasome, maana kwa mdomo nimeshindwa.