Bastola kwenye Dari la Jikoni

Bastola yangu ilikuwa ya halali, yenye kibali, na kazi kubwa niliyowahi kuifanya nayo ilikuwa kuipaka mafuta. Nanunua karoti na kabichi kwa wakulima wa Magamba na kuwalipa papo hapo. Aliyewahi kusimamishwa na vijana wa mapanga kwenye kona za msituni, akiwa na pesa za watu kiunoni, haniulizi kwa nini niliomba kibali.

Huku kwetu ukungu unaingia mpaka kwenye chumvi. Chuma ukikisahau kidogo kinaota kutu. Ndiyo maana kila kinachoogopa unyevu tunakipandisha darini, juu ya moto wa jikoni: mbegu za mahindi, maharage ya kupanda, hata vyeti vya shule. Nami nikaipandisha bastola, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, nikajiona mjanja.

Halafu mke wangu akajifungua, na mama yake akaja kutoka Mlalo kumtunza. Mama mkwe ni mtu wa desturi. Hatukai chumba kimoja, na akiwa na neno na mimi analipitisha kwa binti yake, hata kama nimesimama pale pale nasikia. Alilitwaa jiko siku ile ile, akawalaza mzazi na mtoto karibu na moto, na moto haukuzimwa tena. Maji ya kuoga, uji, makande, maji tena. Mimi mlango ule sikuuvuka. Sanduku likabaki juu linaokwa.

Basi tukaitwa wenye silaha tuzipeleke polisi Lushoto zikakaguliwe. Zamu yangu ilikuwa kesho yake. Mchana nikasimama nje ya jiko, nikamwomba mke wangu aniteremshie sanduku.

"Mwambie mumeo," nikamsikia mama mkwe, "sanduku lake lina moto kama mkate."

Likatolewa mlangoni limefungwa kwenye kanga kuukuu. Nikaingia nalo stoo, chumba cha nyuma chenye magunia ya viazi. Nyumba yetu imechimbwa kwenye mteremko, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa stoo umeegemea mlima. Ukuta wa pembeni ni wa mbao na udongo, na upande wa pili wake, jikoni, alikuwa amelala mwanangu, hajafikisha hata wiki mbili.

Nilitaka tu kuhakikisha inakoki. Mtu mwenye akili angechomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, kwanza. Mimi ninayehesabu chenji mbele ya muuzaji, nikageuka nikaihesabu tena nje, siku ile niliikoki bastola magazini ikiwa ndani. Nikavuta chuma cha juu nyuma, nikakiachia. Kilitakiwa kurudi mbele kwa nguvu, paa. Kilirudi taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kiti, kikakwama kabla ya kufunga. Nikachungulia pale penye uwazi nikaona shaba. Risasi ilikuwa imeingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu, nusunusu.

Nikaganda. Kisha nikaanza kutembea, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu kila nikigeuka na mtutu unageuka nami. Kuiweka chini sikuthubutu, na nikitoka nayo nje nitapita mbele ya mlango wa jiko. Mtoto akalia upande wa pili, karibu kama yuko mkononi mwangu.

Nikampigia rafiki yangu, mwanajeshi mstaafu anayelima viazi bonde la pili. Nikaibana simu kwa bega.

"Mgosi," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa huku, "sasa hivi umeielekeza wapi?"

"Kwenye gunia la viazi."

"La nani?"

"Langu."

"Nyuma ya gunia kuna nini?"

Nikaangalia. "Jiko."

"Geukia mlima. Kidole kitoe kabisa, kinyooshe pembeni. Ndani wamo watu?"

"Mzazi, mtoto na mkwe."

"Watoke kwanza."

Hapo ndipo nilipokwama kuliko bastola. Mtu anamwambiaje mama mkwe atoke nje kwenye ukungu, na kitoto kichanga, kwa sababu ya upuuzi wa mkwewe? Nikamwita mke wangu kwa sauti, nikamweleza kupitia ukutani kwa maneno machache. Nikasikia sufuria likiwekwa chini.

"Mwambie mumeo tunakwenda kwa jirani. Na mwambie makande yakiungua ni yake."

Nikasubiri mpaka nyayo zikaisha uani. Nikaweka simu juu ya gunia, sauti wazi.

"Usiisukume mbele ikafunga," rafiki yangu akasema. "Wala usiigonge. Chomoa magazini."

Nilibonyeza kitufe, haikudondoka. Nikaivuta kwa kucha, ikatoka inanata.

"Sasa kile chuma cha juu, kishike kwa kitambaa, kivute nyuma chote. Mtutu mlimani."

Nikavuta, kikakataa. Nikajifuta jasho, nikavuta tena, nikiukazia macho mtutu usiondoke mlimani.

"Bado?"

"Bado."

"Una haraka ya wapi?"

Mara ya tatu kikaachia kwa mlio wa kubanduka, kama ukoko wa ugali unaotoka kwenye sufuria. Risasi ikaruka, ikaangukia kati ya magunia. Akaniambia nichungulie chembani, kisha niingize ncha ya kidole kidogo, maana macho ya mtu mwenye hofu huona anachotaka. Palikuwa patupu. Nikapiga magoti nikaitafuta ile iliyoruka, nikazihesabu zote juu ya gunia. Zilitimia. Nikahesabu tena.

Mama mkwe alirudi, akasimama uani, mtoto kifuani ndani ya kanga mbili.

"Mkwe," akasema. Moja kwa moja, bila kupitia kwa binti yake.

"Naam, mama."

"Kitu kile kikilala hapa leo, sisi hatulali hapa. Tunakwenda Mlalo."

Kwa wakulima naweza kubishana bei ya gunia mpaka ukungu uondoke, niende zangu, nirudi, niende tena. Nikafungua mdomo kusema kwamba labda stoo, labda kufuli la pili. Mke wangu alikuwa nyuma ya mama yake, ananitazama, tayari na mkoba begani. Nikafumba mdomo, nikaita bodaboda.

Kule polisi, askari wa ghala la silaha aliivuta mara moja, akaacha, akainusa.

"Umepaka nini?"

"Mafuta."

"Ya nini?"

Yale ya bunduki yalikuwa yameniishia, na mwenye duka wa Tanga alinitajia bei iliyonifanya niondoke dukani taratibu nikitegemea kuitwa. Sikuitwa.

"Ya alizeti," nikasema.

Akamwita mwenzake. "Njoo unuse. Huyu kaikaanga."

Wakaifungua mezani. Ndani mafuta yalikuwa yameganda, ya kahawia, yananata kama pembeni mwa kikaango cha mama ntilie. Waliisafisha kwa brashi na dawa yao, wakaipaka mafuta yake ya bunduki, wakaikoki tupu. Paa. Ikafunga safi.

"Haya mzee, inafanya kazi. Chukua."

"Naomba niiache hapa."

"Kwa nini?"

"Nina mtoto mchanga. Na mama mkwe."

Akavuta karatasi. "Mpaka lini?"

"Mpaka mkwe aondoke."

"Anaondoka lini?"

Nikamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Afande," nikasema, "wewe mkwe wako ulimuuliza?"

Akaweka kalamu chini, akaichukua bastola yangu, akaingia nayo ghalani.