Madirisha ya Mzee Kansuke

Nilimfokea baba mkwe wangu mbele ya behewa zima. Dakika moja baadaye, yeye ndiye aliyenifunika uso nisife kwa moshi.

Naitwa Mitsue. Haya nimeyafanya mimi, simsingizii mtu.

Mzee Kansuke, baba wa mume wangu, ujanani alichochea makaa kwenye treni za moshi. Siku hizi anasahau sahau. Anaacha jiko linawaka, paka anamwita kwa jina la marehemu mkewe.

Mimi na mume wangu Yoshiaki tukaamua: Jumatatu gari la nyumba ya wazee lije kumchukua. Yeye hatukumwambia.

Roho ikanisuta. Nikaona wikendi nimpeleke kwanza milimani kwa treni ya moshi ya zamani, tulale hoteli ya maji moto. Pipi kabla ya sindano.

Stesheni mzee akalowesha kitaulo bombani, akakikamua.

"Baba jamani, utajilowesha suruali!"

"Acha tu, mwanangu."

Madirisha yote wazi. Watu wanapiga picha, wanakula wali wa boksi, wachuma chai wanatupungia mikono. Raha tupu.

Honi ikalia, ndefu. Mzee akasimama, akaanza kufunga madirisha ya watu.

"We mzee vipi? Huu upepo tumeulipia!" jamaa mmoja akang'aka.

"Kwani wamekuajiri humu?" mwenzake akadakia. Behewa likaangua kicheko.

Uso ukaniwaka. Nikamvuta shati. "Baba, kaa chini! Unatutia aibu!"

Akakaa, mikono magotini. Jamaa wakafungua madirisha yao.

Tukakata kona. Handaki!

Moshi ukajaa behewa. Giza, vikohozi, watoto wanalia. Nikahisi kitu cha baridi kimenifunika pua na mdomo. Kile kitaulo. Kilikuwa kimoja tu, na yeye nilimsikia anakohoa pembeni yangu mpaka tukatokea upande wa pili.

Hakuna aliyecheka. Yule jamaa, mweusi tii kwa masizi, akainama mbele yake: "Mzee, samahani sana."

Mimi samahani sikuiomba; nikajifanya nampangusa masizi shatini.

Hotelini nikafungua begi lake nimtolee shati safi. Nikashika soksi: ina jina lake, kwa wino. Fulana, jina. Hadi chupi, jina. Chini kabisa picha ya mama mkwe, nyuma yake jina lile lile.

Ile nyumba ya wazee inataka kila kitu kiandikwe jina. Mimi nilipanga kuyaandika Jumapili, akishalala.

"Baba... umeandika lini haya?"

"Wiki iliyopita. Karatasi yao mliiacha juu ya friji." Akatabasamu. "Nikajua una kazi nyingi."

Nikapiga magoti, paji la uso mkekani, nikalia. Nikamwambia haendi popote.

"Nitaenda," akasema. "Jiko nimelisahau mara tatu, siku moja nitawachoma. Nilichotaka ni mniambie tu."

Jumatatu alipanda gari mwenyewe, begi mkononi. Kila Jumamosi naenda kumwona, na kila nikifika mlangoni aibu inanitangulia kuingia.

Ndugu yangu, mzazi akianza kusahau, usidhani haoni. Jambo lake mwambie yeye, tena usoni, kabla hajalisoma juu ya friji.