Mikono Mfukoni

Siku yangu ya kwanza katika mji ule wa kale, kaskazini kabisa mwa Ulaya, niliwachekesha watu bila kutaka. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Embu, nimepelekwa kozi ya miezi michache wakati kwetu Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni imepamba moto. Mama mwenye nyumba niliyofikia alitutembeza kwa miguu, mimi na wanafunzi wengine wa kigeni, atuonyeshe makanisa ya matofali mekundu na ukuta wa mawe uliouzunguka mji.

Langoni alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya chuma, mkuki mkononi. Kumbe aliwekwa pale kuwafurahisha wageni tu. Mimi sikungoja kuambiwa. Nilivua kofia, nikachomoa kipande changu cha utambulisho, kile ambacho kwetu hukuweza kutoka wala kuingia kijijini bila kukionyesha, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee alikigeuzageuza, akanirudishia. Mwenyeji wangu, uso umemwiva, akaninong'oneza, "Hapa watu huingia tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Basi nikajitia shule mwenyewe. Kila jioni nilikwenda peke yangu kupita lango lile, nikijikaza nisimtazame yule mzee. Kozi ilipokwisha nilikuwa napita nikipiga mluzi, mikono mfukoni, na mwenyewe najiona nimepona.

Niliporudi nyumbani, mama yangu alikuja kunipokea sokoni Kianjokoma. Alikataa katakata nibebe sanduku. Alilifunga kamba, akaipitisha kamba kwenye paji la uso, akanifuata ameinama nalo mgongoni kama mzigo wa kuni. Njiani nilimsimulia kuta na minara, naye akawa ananiuliza hili na lile. Kijiji chetu nacho kilikuwa na handaki, miti iliyochongwa ncha, na lango moja lenye askari. Nilipita nikizungumza, mikono mfukoni.

Niligeuka kwa sababu mama aliacha kunijibu. Alikuwa amepiga magoti vumbini, sanduku bado mgongoni, kipande chake amekiinua juu ya kichwa. Askari, mtu wa mbali asiyejua Kiembu, alikuwa amenielekezea bunduki. Mama alimsemesha kwa Kiswahili kidogo alichojifunza pale pale langoni.

"Samehea yeye, bwana. Huyu ni mtoto yangu. Alienda mbali, amesahau."

Aibu ya ng'ambo ilikuwa mchezo. Nilivua kofia, nikatoa kipande kwa mikono miwili. Safari hii hakuna aliyecheka. Askari alituweka pale hadi aliporidhika, kisha akatupungia tupite.

Jioni, akinimiminia uji, mama alitaka nimalizie habari za ule mji. Watu wa huko, aliuliza, wao huingiaje? Sikuweza kumwambia kwamba huingia tu. Nilimjibu kwamba huko nako langoni pana askari, tena ana mkuki.

Mama alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini," akasema. "Kumbe hata wao."