Kilo Hamsini na Nane

Mashine ya baiskeli ilikuwa nyuma ya depo ya maharagwe, mtaa wa Majengo, Goma, kati ya magunia na ukuta wa mawe ya volkano. Patron wetu, mwenye depo, mfanyabiashara wa Butembo, aliinunua kwa Mzungu mmoja wa misaada aliyekuwa anahama haraka. Unafunga baiskeli juu yake, unawasha televisheni, na barabara inaanza kukujia: milima ya Ufaransa, madaraja, hata volkano moja yenye lami safi mpaka juu. Ile volkano tuliicheka sana. Watu walikuwa wanaipanda badala ya kuikimbia, kama tunavyoikimbia ya kwetu.

Mashine yenyewe haikuwa ghali sana. Ghali ilikuwa abonoma, pesa ya kila mwezi kwa kampuni ya nje. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo shemeji wa patron alilipa kwa kadi yake kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Ongeza interneti, ongeza betri za kushika umeme ukikatika. Kampuni ilitaka kila mtu alipe ya kwake. Sisi tulifanya kama tunavyofanya likilimba, chama cha kuchanga kwa zamu: watu kumi na wawili, abonoma moja, kila mtu na saa yake. Kwa watu wa nje tulikuwa mtu mmoja asiyechoka.

Lakini mashine inataka kujua uzito wako. Ukiwa mwepesi mlima unalegea, ukiwa mzito unakung'ata. Kila anayepanda lazima aandike kilo zake kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa napima maharagwe, basi nikawapima na watu, kwenye mizani ileile ya magunia. Na desturi ya depo ni kwamba namba inatangazwa kwa sauti, muuzaji na mnunuzi waisikie pamoja. Watu pia niliwatangaza. Mtu anashuka amenuna, wenzake wanapiga makofi.

Mpimaji hakupimwa na mtu. Nilikuwa naandika hamsini na nane. Hizo zilikuwa kilo zangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilipopanda mlima wa Kabasha kwa baiskeli bila kuweka mguu chini, kabla sijaanza kutangatanga Kisangani, Kasese, Bukavu, na kurudi na tumbo. Kwenye televisheni nilikuwa mwepesi tena. Muda wangu ulikaa wa kwanza kwenye ubao wa depo, umeandikwa kwa chaki.

Mwanamke kati yetu alikuwa mmoja. Ni mzaliwa wa Vitshumbi, na kabla ya kukimbilia Goma alikuwa anabeba samaki kwa baiskeli kutoka ziwani mpaka barabara kubwa. Sasa alikuwa anauza samaki wa chumvi hapo Majengo. Siku ya kwanza alipopanda mizani nilipaza sauti:

"Makumi saba na ine! Na chumvi haijaingia!"

Depo nzima ilicheka. Alingoja wamalize.

"Papa, ukimaliza kucheka uniandikie."

Alipanda baiskeli, akaendesha, na kicheko kikakatika chenyewe.

Baada ya miezi michache patron akapata habari kwamba timu moja ya wanawake ya Ulaya inatafuta waendeshaji kwa njia hiyo hiyo ya televisheni. Mlima mmoja, Jumapili, na watano wa kwanza wataitwa huko, tiketi na makaratasi juu ya timu. Patron alibadilisha abonoma ikawa kwa jina la yule mama, na wanaume kumi na mmoja tukaendesha wiki nzima kama mwanamke. Kwa kilo zake sabini na nne, muda wake wa mazoezi ulitosha kuwa wa nne. Tulikuwa tumehesabu.

Jumapili mchana nilipanda kwanza mimi, kupasha mashine moto. Niliposhuka akakaa yule mama, mikono tayari kwenye usukani. Watu wote walikuwa nyuma yangu wakitazama televisheni. Ili niandike kilo zake ningefungua ukurasa wa kilo mbele yao, na pale juu ingeonekana hamsini na nane niliyojiandikia.

"Papa, umeweka zangu?"

"Nimeweka, mama. Piga!"

Alishinda. Aliwaacha mbali mno, Waitalia, Wajerumani, wote. Watu walimwinua na baiskeli yake. Alikuwa analia na kunishika shati, ananiita papa yake, baba yake.

Saa haijaisha, ujumbe ukaingia: washindi wote watume video wakipanda mizani. Patron akashika simu. Mama alipanda mizani ile ya magunia, amevaa kitenge kipya alichoazimwa na mke wa patron, anacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni kazi yangu ya kila siku:

"Makumi saba na ine!"

Jibu lilifika Jumanne. Patron alilisoma pole pole: mama huyu aliendesha kwa kilo hamsini na nane, ni mwongo, amefungiwa, na abonoma imefungwa pamoja naye.

"Hamsini na nane ni ya nani hapa?" patron aliuliza.

Wote walikuwa wameshatangazwa. Kila mmoja alizijua kilo za mwenzake. Mama alikwenda kwenye mizani, akatoa gunia lililokuwa juu yake.

"Panda, Papa."

"Mama, sikiliza..."

"Panda."

Nilipanda. Alisogeza vyuma mwenyewe, bila haraka, kama mtu aliyezaliwa sokoni, akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani:

"Makumi saba na moya! Mutu muzima!"

Hapo hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mashine bado iko, patron anaitundikia mifuko. Ubao haukufutwa. Yule mama anauza samaki palepale, na mimi nanunua kwake, kwa sababu nikienda kwa mwingine watu watauliza. Wateja wengine anawasomea kilo na kuwatania. Mimi ananiwekea samaki kwenye mizani yake ndogo, halafu anaigeuza uso unielekee, na anangoja nisome mwenyewe, kwa sauti.