Mawe ya Mama Mdogo

Kila nikisikia harufu ya turubai lililoloa hapa sokoni Shinyanga, naiona mashua yetu ya tanga. Tuliishi humo, tukiuza chumvi na sabuni kwenye visiwa vya ziwani, upande wa Geita. Asubuhi moja ya kipupwe, upepo ukituuma, tulikikaribia kisiwa alichoishi mama mdogo. Hapakuwa na moshi wala watoto ufukweni. Alisimama peke yake, akapaza sauti.

"Dada, msishuke! Kipindupindu kimetumaliza!"

"Njoo basi tukupakie," mama alimsihi.

Mama mdogo alitutazama sisi watoto, akatikisa kichwa. Mashua ilipozidi kusogea, aliokota mawe. La kwanza liligonga ubavuni. Baba akageuza tanga, naye akaendelea kurusha huku akilia, mpaka hatukumwona tena.