Kibao cha Chumba Namba Sita

Ukitaka ugomvi na Pindo, msifie kochi. Mwambie tu kochi lako ni zuri kulalia, uone atakavyokukata jicho. Miaka minne alilala kwenye makochi ya watu: la dada yake, la binamu yake, la shoga yake wa zamani, kisha tena la dada yake. Alijua lipi lina springi inayochoma mbavu, na lipi haliwezi kulaliwa mpaka wenyewe wamalize kutazama mpira.

Hakuanzia hapo. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake na wateja wake, na jina la Pindo walimpa wateja hao hao, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililopotoka hata uzi mmoja. Ungeweza kulia, ungeweza kumwambia harusi ni saa nane na sasa ni saa saba na nusu. Angekujibu bila kuinua kichwa, "Kaa hapo, mama. Watu hawatakutazama wewe, watatazama pindo langu."

Halafu figo zikamgeuka. Miguu ilivimba, pumzi zikawa za kuazima, na daktari akamwambia kuanzia siku ile damu yake itasafishwa na mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Sasa fundi gani atamaliza nguo za watu, ikiwa siku ya mashine imekwenda na kesho yake yuko hoi? Kibanda kikaenda. Chumba cha kupanga kikaenda. Cherehani ikabaki chini ya meza kwa dada yake, imefunikwa shuka kama maiti.

Dada yake hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgonjwa utampa jembe gani? Pindo alikunywa maji kwa kipimo cha daktari, vikombe viwili kutwa, na shemeji yake akadhani anayaringia maji yao. Alingoja watu wote watoke bafuni ndipo aoge. Alipotaka kulia alikwenda kulia hospitalini, kwenye kiti cha mashine, maana huko angalau kulikuwa na pazia.

Ndipo jina lake likatoka kwenye orodha ya ile nyumba. Vyumba vinane, vyote chini, hakuna ngazi, barabara mbili tu kutoka hospitali. Ilijengwa kwa ajili ya watu ambao ugonjwa wao hauponi wala hauwaui kesho. Kila mtu na chumba chake, bafu lake, jiko la pembeni la kuchemshia chake. Mlangoni alikaa nesi mstaafu waliyemwita Matroni, na gari lilikuja kuwachukua wa mashine. Siku Pindo alipopewa ufunguo wa namba sita, alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena. Alifanya hivyo mara saba. Kisha akakaa kitandani, kitanda hasa chenye miguu minne, akalia mpaka akachoka.

Ila kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miezi sita ya majaribio, na kwenye kila mlango kulikuwa na kibao, upande mmoja chekundu na upande wa pili cheupe. Jioni Matroni anavigeuza vyote viwe vyekundu, nawe unalala kikiwa chekundu. Ukiamka unakigeuza kiwe cheupe, Matroni ajue umeamka salama. Kikiwa bado chekundu saa mbili asubuhi, anagonga mara tatu, kisha anafungua kwa ufunguo wake. Kikiwa cheupe, haruhusiwi hata kugusa kitasa, maana mwenye chumba ameshasema yuko sawa na faragha yake ni yake. Na chini ya karatasi ya kanuni iliandikwa kwa herufi kubwa: atakayekichezea kibao atapoteza chumba.

Pindo na kibao hawakupatana tangu mwanzo. Kesho ya mashine yeye hulala kama gogo hadi saa tatu, na mara mbili Matroni alimfungulia. Mara ya pili alimkuta kalala mdomo wazi, nguo imepanda mapajani. Matroni alimvutia shuka akamfunika akatoka. Lakini Pindo aliona ni kochi lile lile, limebadilishwa kitambaa tu. Tangu siku hiyo, Matroni akishapita, akawa anakigeuza kibao kiwe cheupe jioni ile ile kabla ya kulala. Asubuhi Matroni anapita, anaona cheupe, anakwenda zake. Fundi analala mpaka usingizi umtoshe mwenyewe.

Angenyamaza, labda yangeishia hapo. Lakini Pindo hana kifua. Alimfundisha ujanja huo jirani yake wa namba tano, dereva wa basi mstaafu waliyemwita Honi kwa ajili ya sauti yake. Honi alikuwa na kisukari cha miaka ishirini, kilichokwisha kumla vidole viwili vya mguu, na kutoka nje alfajiri kugeuza kibao kulimchosha. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu aliwasha redio akagombana na msoma habari. "Wewe barabara hiyo umeipita lini?" angefoka. "Mimi nimeipita miaka thelathini, hakuna daraja hapo." Pindo alijifanya anakereka, lakini alishazoea kuamkia ugomvi huo siku za mashine.

Zilibaki siku tisa majaribio yake yaishe. Siku hiyo ilikuwa ya mashine, kaamka mapema, kavaa, anachana nywele, na akahisi kuna kitu hakipo. Ukuta ulikuwa kimya. Alitazama saa: saa moja kasoro kumi. Akatoka, akasimama mbele ya namba tano. Kibao cheupe.

Akagonga. "Kaka Honi. Kaka, leo msoma habari kakushinda?"

Kimya.

Akaenda kwa Matroni mbio, mbio za mtu wa figo, yaani hatua sita na kusimama. Matroni alikuwa anaandika jina la Pindo kwenye karatasi ya gari.

"Matroni, Honi haitiki. Njoo umfungulie."

"Kibao chake kikoje?"

"Cheupe."

"Basi yuko bafuni, au katoka kununua gazeti. Unajua kanuni, fundi. Mtu akisema yuko sawa mimi simwingilii. Wewe mwenyewe ndiye uliyelalamika sana hapa, umesahau?"

Pindo alisimama pale akiwa na ufunguo wa namba sita mfukoni, ameushika mpaka meno yake yakamchoma kiganja. Hakuwa mjinga. Alijua neno moja tu lingeufungua mlango wa Honi, na neno hilo hilo lingefunga wake. Siku tisa. Alikiona kitanda chake, aliona na kochi la dada yake limetandikwa linamngoja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuwahi kudhani ingekuwa fupi kiasi hicho, hatua nane kutoka mlango hadi mlango. Akapiga moyo konde.

"Kibao chake kinadanganya," alisema. "Anakigeuza jioni. Na changu kinadanganya vilevile, mwezi wa tatu huu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mfungulie, Matroni, mengine utaniuliza baadaye."

Matroni aliinuka. Alinyakua ufunguo akatangulia.

Walimkuta Honi chini, kati ya kitanda na redio, jasho limemlowesha kama mtu aliyenyeshewa, anasema maneno yasiyoshikana. Jana yake usiku alijidunga sindano yake ya kisukari akapitiwa na usingizi kabla ya kula. Matroni alimpima: sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Bado aliweza kumeza, basi wakamkalisha, Pindo akimshikilia mgongo kwa nguvu asizojua kazitoa wapi, Matroni akimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Gari la mashine lilikuwa limeshafika getini. Wakampakia humo humo. Njiani Honi alifumbua macho, akamtazama dereva, akasema kwa sauti nyembamba, "Badilisha gia, mzee, unaliua gari."

Pindo alicheka huku machozi yanamtiririka. Daktari aliwaambia baadaye kwamba saa moja zaidi wangekuwa wanazungumza mengine.

Kesho yake alasiri msimamizi wa nyumba aliwaita wapangaji wote sebuleni. Alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, na upole wake ndio uliomtisha Pindo zaidi. Karatasi ya kanuni ilikuwa mezani.

"Fundi," alisema, "Matroni ameniambia yote. Umeokoa mtu, hilo tunakushukuru. Lakini kanuni unaijua."

"Naijua," Pindo alisema. "Sikatai. Nilikosea, na karibu kosa langu limuue mtu ninayempenda kama kaka yangu. Ila nisikilize kwanza. Miaka minne sikuwa na mlango. Nilipopata wangu, sikutaka ufunguliwe na mtu yeyote, hata malaika. Ndiyo sababu yangu. Sasa sema unalotaka kusema."

Msimamizi alivua miwani. Kabla hajafungua mdomo, mwalimu wa hesabu wa namba mbili, mwenye moyo mkubwa kuliko kifua kwa mujibu wa picha za hospitali, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hata mimi nakigeuza jioni."

"Na mimi," akasema mama wa namba nane.

Namba tatu akakohoa. "Tangu mwezi uliopita."

Ikawa zamu kwa zamu mpaka wakaisha. Matroni, aliyekuwa akijisifu kwa kila mgeni kwamba nyumba yake haina mvivu hata mmoja, aliweka mikono kichwani. "Kumbe nimekuwa nikilinda mbao," alisema, na sebule nzima ikaangua kicheko, msimamizi naye akashindwa kujizuia.

"Nikifuata kanuni," alisema akipangusa macho, "nitabaki na Matroni peke yake. Haya, fundi. Ulijuaje kwamba Honi yuko taabani, na kibao kilikuwa cheupe?"

"Sikusikia sauti yake."

Fundi akiona nguo imekaa vibaya, mikono humwasha mpaka aifumue, na Pindo alikuwa ameshaanza kufumua. "Kosa ni kwamba kila mtu anageuza cha kwake," alisema. "Geuzeni. Mimi nigeuze cha Honi nikishaisikia sauti yake, Honi ageuze changu akishaisikia yangu. Hakuna wa kufunguliwa mlango bila sababu. Na hakuna wa kudanganya, maana sauti ya kesho huwezi kuisikia leo."

Mwalimu wa hesabu aliitafakari, akatikisa kichwa kukubali. Msimamizi alichukua kalamu akakata mstari wa herufi kubwa, akaandika mwingine juu yake. Kisha akatoa kwenye mkoba mkataba mwingine. Huu haukuwa na tarehe ya mwisho. Pindo aliusoma mara tatu akitafuta kamba ya kuku, hakuiona. Akatia sahihi, na mstari haukupotoka hata uzi mmoja.

Jumamosi dada yake alimletea cherehani. Alizunguka chumba kizima akigusa pazia, kitasa, bomba la bafu, akisifia. Kisha akauliza, "Sasa mdogo wangu, mbona hakuna kochi? Nikija kulala nitalala wapi?"

"Kitandani na mimi," Pindo alisema. "Kwangu mgeni halali kochini." Dada yake alimkumbatia.

Honi aliruhusiwa baada ya siku nne. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kwake ilikuwa kesho ya mashine, na Pindo alikuwa ndani ya usingizi mzito aliposikia ngumi mlangoni na ile sauti ya basi.

"Dada fundi. Uko hai?"

"Niko hai," alijibu ndani ya mto, "na nikiamka utatamani nisingekuwa."

"Nimesikia," Honi alisema.

Kibao kikagonga mbao za mlango kikigeuka. Halafu hatua za mtu asiye na vidole viwili zikarudi namba tano, redio ikawashwa, na ugomvi ukaanza. Pindo alijivutia shuka, ufunguo wake ukiwa kwenye kitasa kwa ndani, akalala mpaka saa tatu.