Simu iliyoita tukiwa jukwaani Sumbawanga, na uongo ninaoishi nao

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hii si chai, si stori ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Mimi ni mpiga gitaa la rizimu na kiongozi wa bendi yetu ndogo hapa Sumbawanga mjini. Tuko watano. Mpiga gitaa la solo wetu ni Kizito, mtu wa Mwimbi, mpole sana, ananiita kaka ingawa nimemzidi mwaka mmoja tu.

Waliowahi kupiga muziki wa laivu watanielewa hapa. Simu ikikaa karibu na amplifaya, ikitaka kuita tu, spika zinaanza trrr-trrr-trrr, wimbo wote unachafuka. Kwa hiyo kwetu kabla ya kupanda jukwaani kila mtu anatoa simu, zinaingia kwenye begi, na begi linakaa miguuni kwangu. Sheria niliitunga mwenyewe, msinipongeze.

Sasa Jumapili hiyo, mwenye baa fulani alialika bendi tatu. Kabaa kenyewe kadogo, viti vya plastiki, jukwaa ni mbao zimepangwa juu ya kreti za bia. Akasema wazi kwamba bendi itakayoinua watu vitini ndiyo itakayopiga pale kila wiki.

Sisi tulikuwa na miezi bila pa kupigia, tunaambulia harusi za kuunga unga. Ile nafasi nilikuwa naitaka kufa.

Kizito alikuja uso umemshuka. Mama yake alikuwa hoi kule Mwimbi, anauguzwa na dada yake mkubwa, Skola.

Akaniomba, "Kaka, leo simu nikae nayo mfukoni. Hali ya mama si nzuri."

Nikamwambia, "Itatuharibia sauti, mdogo wangu. Si iko kwangu? Ikiita nitakwambia."

Akanipa. Hata hakubisha.

Tulipanda wa mwisho, giza linaingia, ile baridi yetu imeanza kung'ata. Wimbo wa kwanza watu wanatutazama tu. Wa pili, tulipofika kwenye chemko, pale wimbo unapochanganya, Kizito akaingia na solo... jamani! Watu wakavua makoti. Mwenye baa akatoka kaunta akaja kucheza na yeye.

Hapo spika zikaanza trrr-trrr.

Nikachungulia begi. Simu ya Kizito inawaka, imeandikwa DADA SKOLA.

Wakuu, niliiona. Sijitetei. Nilijisemea, ngoja wimbo uishe. Nikalisukuma begi kwa mguu, mbali na amplifaya. Kisha nikamwashiria Kizito arudie solo, maana watu walikuwa wanaitaka. Akarudia mara mbili, anacheka.

Tuliposhuka, nafasi tumepata. Simu ya Kizito ina missed call nane.

Kizito akapiga palepale, watu bado wanampiga mabega kumpongeza. Mama alikuwa ameshakata kauli, hasemi wala hasikii. Skola akamwambia mama aliomba kitu kimoja tu, asikie sauti ya mwanawe, na muda wote ule alishikiwa simu sikioni, inaita tu.

Alfajiri akafariki.

Msibani nilijitia kimbelembele, kuchimba kaburi mimi, kubeba viti mimi. Skola akaniuliza mbele ya watu, "Kwani hamkuiona simu?"

Nikajibu, "Zilikuwa kwenye begi, dada. Hatukuona."

Akanipa pole ya safari. Mimi!

Sasa kila Jumapili tunapiga pale, baa inajaa, na mimi nimeoza ndani. Chakula hakipiti. Kanisani sipokei komunyo tena, mke wangu anauliza kulikoni, namwambia tumbo.

Juzi tukiwa tunafunga vyombo, Kizito akaniambia, "Kaka, naona unajilaumu kwa ile sheria yako. Acha. Kosa ni langu, ningekataa kukupa simu."

 Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaendelea kukunja waya.

Somo mnaliona wenyewe. Mtu mwenye mgonjwa akikuomba akae na simu yake, mwachie, na muziki uharibike ukitaka.

Wenye hekima nisaidieni, wa kutukana tukaneni, nitasoma zote. Nikimwambia, nitampoteza. Nisipomwambia, anaendelea kuamini ni yeye aliyemnyima mama yake neno la mwisho.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?